Mvuke Uko Chini Yetu: Je, Kikundi Kiko Tayari?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika Bonde la Ufa)

Leo tunataka tuzungumze juu ya mvuke wa ardhini, huu unaoitwa jotoardhi, ambao hutengenezwa stima. Wachimbaji wamekwisha fika Olkaria, Eburru, Menengai na Paka, na sehemu nyingine za Bonde zinachunguzwa. Kila wanapofika, watu hugawanyika. Wengine husema, "Utajiri umekuja." Wengine husema, "Tutafukuzwa." Sisi tunasema tusikimbilie kufurahi wala kuogopa. Kwanza tuelewe, halafu tujipange.

MVUKE UNATOKA WAPI?

Si mnajua sufuria ya maji ikichemka, kifuniko huanza kuchezacheza? Kinachosukuma kifuniko ni mvuke. Sasa, nchi yetu hapa Bondeni ni nchi ya volkano. Longonot, Menengai, Paka na Silali ni milima iliyowahi kutapika moto, na chini yake miamba bado ina joto kali. Maji ya mvua huzama kupitia nyufa za ardhi, hukutana na joto hilo, na hukaa huko yakichemka kama ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Wahandisi huchimba kisima cha kilomita mbili au tatu kwenda chini. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, joto la chini limepita digrii 300. Mvuke ukitoka hutenganishwa na maji, hupitishwa kwa mabomba makubwa, na huzungusha mtambo unaotoa stima. Maji yanayobaki hurudishwa ardhini kwa kisima kingine.

Faida yake kubwa ni kwamba mvuke haungoji mvua. Mnakumbuka ukame wa mwaka 1999 na 2000? Mabwawa yalipungua, stima ikatolewa kwa zamu, viwanda vikasimama. Mvuke haukauki kwa sababu ya kiangazi kimoja.

KAZI HII NI YA SUBIRA

Huko Olkaria visima viwili vya kwanza vilianza kuchimbwa mwaka 1956. Havikutoa mvuke wa kufaa, na kazi ikaachwa. Ilianzishwa tena miaka ya sabini, na stima ya kwanza ikapatikana mwaka 1981. Kufika 1985 mitambo mitatu ilikuwa ikitoa megawati 45. Leo mvuke unatoa zaidi ya theluthi moja ya stima yote ya Kenya, na miaka mingine karibu nusu.

Kwa hivyo mtu akiwaambia ati mwaka ujao kila mtu atakuwa tajiri, mwulizeni amehesabu vipi. Kisima kimoja hugharimu mamia ya mamilioni ya shilingi, na kingine hutoka kitupu.

KUKAA KARIBU NA KISIMA SI KUPATA STIMA

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mama mmoja huona waya mkubwa ukipita juu ya boma lake na kuuliza, "Mbona mimi bado nawasha koroboi?" Waya ule mkubwa hubeba nguvu nyingi mno, hauwezi kuingia nyumbani. Ni lazima kijengwe kituo cha kuipunguza, kisha ziwekwe transfoma na nguzo ndogo. Hiyo ni kazi nyingine na ni pesa nyingine. Msipoidai mapema, stima itazaliwa kwenu na kwenda kulala mjini.

SHERIA INASEMA NINI?

Mvuke ulio chini ya ardhi ni mali ya taifa, hata kama shamba ni lako. Ndivyo inavyosema Sheria ya Kawi ya mwaka 2019. Lakini sheria hiyohiyo inasema mwenye kuutumia atalipa mrabaha. Kwa miaka kumi ya kwanza mrabaha ni kati ya asilimia 1 na asilimia 2.5 ya thamani ya nishati inapotoka kisimani. Katika kila shilingi 100 za mrabaha, serikali ya taifa huchukua 75, kaunti 20, na wananchi wa mahali pale 5.

Hebu tupige hesabu pamoja. Mvuke wa thamani ya shilingi 10,000 ukitoka, mrabaha wa chini ni shilingi 100. Fungu la wananchi ni shilingi 5. Mrabaha ukiwa wa juu, 250, fungu letu ni shilingi 12 na senti 50. Mnacheka, lakini hiyo ndiyo hesabu. Nishati ikiwa nyingi, shilingi hizo zitakuwa nyingi pia, na ni haki yetu, tusiziache. Lakini sheria inasema fungu hilo litapitia mfuko wa amana wenye wadhamini. Pasipo wadhamini, hata hizo tano hazina pa kuingilia.

Somo lake ni kwamba tusikae tukingoja mrabaha peke yake. Faida kubwa kwa mtu wa kijijini itatokana na mapatano juu ya ardhi, maji, barabara, kazi na joto lenyewe.

WENZETU WA OLKARIA

Mwaka 2014 ndugu zetu Wamaasai wa vijiji vinne vya Olkaria walihamishwa ili kupisha mtambo mpya. Zilikuwa kama familia 150. Walijengewa nyumba za kudumu, shule na zahanati katika ardhi mpya. Hayo ni mema. Lakini wengi walilalamika. Walisema sehemu ya ardhi ina makorongo na miteremko isiyofaa kwa kujenga wala kulisha mifugo, hati ya ardhi imechelewa, na watu wengine wameachwa nje ya orodha.

Waliandika malalamiko yao na kuyapeleka Benki ya Dunia na benki ya Ulaya, waliokuwa wametoa mikopo. Wakaguzi walikuja. Mojawapo ya mambo waliyoona ni kwamba lugha ya Kimaasai haikutumiwa inavyopasa katika mikutano, na wazee wa kimila hawakushirikishwa vya kutosha. Wapatanishi wakaletwa, na mwaka 2016 mapatano yakatiwa sahihi.

Tuone mambo mawili hapa. Kwanza, walisikizwa kwa sababu waliandika. Pili, ilikuwa baada ya kuhama. Ni rahisi zaidi kukataa korongo kabla ya kupewa.

JOTO LINA KAZI NYINGINE

Huko Eburru wananchi kwa miaka mingi wamekinga mvuke unaotoka wenyewe ardhini, wakaupoza kwa mabomba, wakapata maji ya nyumbani mahali ambapo mito hakuna. Pia wamekausha pareto kwa joto hilo. Shamba moja kubwa la maua kule Naivasha lilianza kutumia joto la kisima kupasha nyumba za maua mwaka 2003. Menengai wameonyesha kwamba joto laweza kuchemsha maziwa na kukausha nafaka.

Fikirini mahindi yenu yanayooza kwa unyevu kila mwaka. Kikaushio kimoja cha kikundi chaweza kuwa na faida kuliko ahadi kumi.

Tahadhari moja: maji yanayotoka kwa visima vilivyochimbwa yana madini na chumvi nyingi. Mifugo isinywe. Na mkisikia harufu kama ya mayai yaliyooza, ni gesi; ikizidi ni hatari. Daini mabwawa yao yazungushiwe ua, na gesi ipimwe, nanyi mwambiwe matokeo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Ardhi ya jamii isajiliwe. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mapatano na mwekezaji ni lazima yakubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii mkutanoni. Watu wazima ni wanaume na wanawake. Mzee mmoja na kalamu yake hawatoshi.

2. Karani aandike kila mkutano: tarehe, nani alikuja, nani aliahidi nini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Mkutano ufanywe kwa lugha ambayo nyanya yetu anaelewa. Karatasi za Kiingereza zisitiwe sahihi siku zilipoletwa. Zirudi nyumbani, zisomwe, ziulizwe.

4. Hesabuni mlicho nacho kabla ya mtambo kufika: maboma, miti, makaburi, visima, njia za mifugo. Kisichoandikwa hakilipwi.

5. Ombeni vitu vinavyopimika. Msiseme, "Tunataka maendeleo." Semeni, "Tunataka bomba la maji mpaka shuleni, na vijana kumi wafundishwe uchomeleaji."

6. Chagueni wadhamini mapema, na wawe watu ambao daftari lao hufunguliwa mbele ya wote.

Ndugu zetu, kampuni huja na wanasheria na ramani. Serikali huja na sheria. Sisi nasi tuje na umoja wetu na daftari letu. Mkifika nyumbani, jadilianeni maswali haya katika kikundi, na mtuletee majibu mkutano ujao:

- Ardhi yetu imesajiliwa kwa jina la nani? Hati iko wapi?
- Nani katika kijiji hiki hajawahi kuitwa kwenye mkutano wa ardhi, na kwa nini?
- Wakija kesho kutwa, ni mambo gani matatu tutakayoomba kwanza?