Maumivu ya Mkimbiaji Yasifichwe



Mwezi wa Julai mwaka 1954 Lazaro Chepkwony wa Kenya alishindana mjini London katika mbio za maili 6, naye alikimbia bila viatu. Kabla ya kufika mwisho mguu ulimwuma, hata ikambidi atoke kiwanjani. Ikiwa mtu mwenye nguvu kama yule aliumia, ni dhahiri kwamba kijana wa shule aweza kuumia pia.

Vijana wa Meru na Embu wamekulia katika miteremko ya Mlima Kenya, nayo imewapa pumzi na nguvu. Lakini mtu ashukapo mbio katika barabara ngumu, kila hatua hugonga magoti na mifupa ya miundi. Tena huenda kijana huyo amechuma chai au kuchota maji tangu alfajiri. Mfupa ni kitu kilicho hai. Ukitumiwa huchakaa kidogo, na ukipumzishwa hujijenga ukawa imara zaidi. Usipopata nafasi ya kujijenga, hufanya ufa. Na wazee walinena kweli kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Dalili ya ufa ni maumivu ya mahali pamoja, pawezapo kufunikwa kwa kidole, yanayozidi mtu akimbiapo, na mwisho humwuma hata usiku akiwa amelala. Wengi huficha maumivu hayo ili wasiachwe nje ya timu. Mwalimu asimwite kijana kama huyo mvivu, bali ampumzishe na kumpeleka hospitali. Ufa ukigunduliwa mapema, mara nyingi mapumziko ya majuma 6 hadi 8 hutosha. Ukipuuzwa, mfupa waweza kuvunjika kabisa.

Kifundo cha mguu kikiteguka, kisikandwe kwa nguvu wala kwa maji ya moto siku mbili tatu za kwanza, maana huzidi kuvimba. Maji baridi, kama yale ya mto Kathita au Rupingazi, yafaa zaidi: kitambaa kilicholoweshwa kiwekwe kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Kifundo kifungwe bendeji isiyobana mno, na mguu uinuliwe. Asiyeweza kwenda hatua 4 apelekwe hospitali, iwe ya Embu, ya Meru au ya Chogoria, akapigwe picha ya eksirei.

Kinga ni rahisi kuliko dawa. Mwili upashwe moto kwanza, mwendo uongezwe kidogo kidogo, na siku moja ya juma iwe ya kupumzika. Chakula kisipungue. Msichana ambaye hedhi yake imekatika kwa kukimbia sana na kula kidogo, mifupa yake imo hatarini, naye yampasa amwone daktari.

Kikombe hushindaniwa tena mwaka ujao, bali mguu uliovunjika humzuia kijana kulima, kwenda shule na kukimbia pia.