Dua ya Mwenye Deni, na Swali Tulilosahau Kuulizana



Vijana wenzangu wa Nyeri, na nyinyi mliotoka Karatina, Othaya na Nanyuki mkaja na baridi hii yote, Allah awalipe kheri. Sitawaweka sana. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho wengi wetu tunacho na hatukisemi: deni.

Kuna hadithi katika Sunan Abu Daud. Siku moja Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akamkuta Answari mmoja, Abu Umama, ameketi peke yake. Haikuwa wakati wa sala. Mtume akamuuliza mbona yuko pale saa ile. Akajibu kwamba ni mawazo na madeni yamemwandama. Hapo ndipo Mtume akamfundisha dua ya kusoma asubuhi na jioni. Abu Umama anasema aliisoma, na Allah akamwondolea mawazo na akamlipia deni lake.

Dua hii tunaijua. Tumetumiana kwa WhatsApp mpaka basi. Lakini tumeisoma tukajua inaomba nini? Inaomba kinga ya mambo manane, na yamepangwa mawili mawili. Wasiwasi wa yajayo na huzuni ya yaliyopita. Kutoweza na uvivu. Woga na uchoyo. Mwisho, kulemewa na deni na kunyanyaswa na watu.

Angalia hapo mwisho. Deni limewekwa bega kwa bega na kunyanyaswa. Mwenye deni anajua kwa nini.

Wacha niwape yangu. Nilipomaliza diploma nilikaa bila kazi. Nikakopa shilingi 3,000 kwa programu moja ya simu nilipe kodi ya nyumba. Siku ikafika, sina. Nikakopa kwa nyingine nilipe ya kwanza. Halafu simu zikaanza. Walimpigia mama. Walimpigia mzee mmoja wa msikitini ambaye namba yake nilikuwa nayo tu kwa sababu ya shughuli za madrasa. Sasa nitamwangalia vipi yule mzee? Nikaacha kwenda jamaa. Hata Ijumaa nilikuwa nafika khutba ikiisha na kutoka kabla watu hawajasalimiana.

Hapo ndipo hadithi hii inaniumiza. Abu Umama alipozidiwa alikimbilia msikiti. Mimi nilizidiwa nikaukimbia.

Na siko peke yangu. Miji yetu huku ni midogo na Waislamu ni wachache. Jambo likitoka asubuhi Majengo, adhuhuri limefika kwa kila mtu. Kijana wa bodaboda pale Chaka, dada anayeuza nguo soko la Karatina, wanaogopa kusema. Na kuna wenzetu waliosilimu, familia zao bado haziko kwenye dini. Kwa wao msikiti ndio ukoo. Wakiona aibu msikitini, waende wapi?

Bi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa Mtume alikuwa akijikinga kwa Allah na deni ndani ya sala. Alipoulizwa kwa nini, alieleza kwamba mtu akiwa na deni akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja. Kusema ukweli, nilijiona hapo. "Nitalipa Ijumaa." Ijumaa gani?

Basi tuitumie dua hii na miguu yetu pia. Umeomba kinga ya wasiwasi? Andika madeni yako yote kwa karatasi, unadaiwa na nani na kiasi gani. Qur'ani yenyewe imetuamrisha kuandikiana deni, Suratul Baqara aya ya 282. Umeomba kinga ya woga? Mpigie unayemdaiwa kabla hajakupigia, umwambie ukweli. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo inamtaka mdai ampe muda aliyekwama. Umeomba kinga ya uvivu? Hiyo unaijua mwenyewe.

Na tuache kujiongopea kuhusu hii mikopo ya simu. Ukikopa 5,000 kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi, hiyo ni 375. Ukilipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka umetoa 4,500 na zile 5,000 bado unadaiwa. Hiyo ni riba. Allah hakutukataza bure.

Na kunyanyaswa? Dua haikusema unyamaze. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana na kuwapigia watu walio kwenye simu yako bila idhini. Wanaoruhusiwa kukopesha wana leseni, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kamishna wake anayepokea malalamiko. Hifadhi zile jumbe, andika tarehe na namba, ulalamike. Deni utalipa, ni haki ya mtu. Lakini heshima yako haikuwa rehani.

La mwisho ni letu sote. Suratut Tawba aya ya 60 imetaja makundi manane ya kupewa zaka, na wenye madeni wamo. Kwa hiyo anayeomba kusaidiwa deni haombi hisani, ana fungu lake. Tuwaombe maimamu na kamati zetu walikumbuke fungu hilo. Na sisi vijana tunaweza kuanza kidogo kidogo, tuchange kila mwezi, tukopeshane bila riba, tuandikiane.

Lakini kabla ya pesa kuna swali. Deni la Abu Umama lilianza kutatuliwa pale mtu alipomwona ameketi na akamuuliza. Mtume hakumpita. Wangapi tumewapita? Mimi aliyeniuliza ni yule yule mzee niliyekuwa namkwepa. Alinisubiri nje ya mlango Ijumaa moja, akanishika mkono, akasema, "Kijana wangu, mbona hatukuoni?" Nililia. Deni nililipa kwa miezi saba, lakini siku ile ndiyo niliyopumua.

Leo ukitoka, mtafute mmoja ambaye hujamwona siku nyingi. Muulize tu.

Allah atukinge na deni linalotulemea na watu wanaotunyanyasa, na asitufanye sisi kuwa wanyanyasaji. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.