Mwenye Majumba Awapo Mwenye Benki



Wako wanaodhani kuwa mambo ya benki hayaihusu Tume ya Haki na Amani. Sisi twaona yanaihusu, kwa kuwa fedha iliyomo benki si ya wenye hisa peke yao. Sehemu iliyo kubwa ni akiba ya mwalimu, ya mama muuza samaki, ya mzee aliyepata kiinua mgongo.

Benki iliyo sawa humhoji mkopaji. Kiwanja chako kina thamani gani? Nyumba zikikosa wapangaji, utalipa kwa kitu gani? Lakini mjenzi wa majumba akinunua hisa hata akawa ndiye mwenye kauli, nani atamhoji? Aombaye na atoaye ni mtu mmoja. Tena rehani yake ni ardhi na majengo yale yale: bei ya ardhi ikianguka, deni hushindikana kulipwa wakati ule ule rehani inapopoteza thamani.

Ndivyo ilivyotukia Vietnam. Sheria ya huko haimruhusu mtu binafsi kumiliki zaidi ya asilimia 5 ya hisa za benki. Hata hivyo mahakama iliona kwamba Bi. Truong My Lan, mkuu wa kampuni ya majumba ya Van Thinh Phat, alishika zaidi ya asilimia 91 ya benki ya SCB kwa kujificha nyuma ya majina ya wengine. Kama asilimia 93 ya mikopo yote ya benki hiyo ilimwendea yeye na makampuni yake. Na wakaguzi je? Kiongozi wa kikosi chao alipokea rushwa ya dola milioni 5.2.

Alipokamatwa Oktoba 2022, wenye amana walijazana milangoni, na Benki Kuu ikalazimika kuiweka SCB chini ya uangalizi maalumu. Watu zaidi ya 35,000 walikuwa wameuziwa hati za mikopo za makampuni yake. Wengi walizinunua katika matawi ya benki, wakiamini ni salama kama amana. Aprili 2024 alihukumiwa kifo, adhabu ambayo Vietnam iliifuta kwa kosa la ubadhirifu mwaka 2025. (Hatukusikitika kwa kufutwa huko, kunyonga hakumrudishii mtu akiba yake.)

Kenya nayo ina kikomo: asilimia 25 kwa mtu mmoja. Ni vyema, ila Vietnam ilikuwa na kikomo kikali zaidi. Kilichokosekana ni kujua ni nani hasa aliye nyuma ya kila jina.

Vyama vyetu vya akiba na mikopo navyo vina wajumbe wanaouza viwanja. Kwa hiyo twawaomba wanachama, katika mkutano mkuu ujao, waulize waziwazi: wajumbe wa kamati wamekopa kiasi gani, na aliyekipima kiwanja cha rehani alilipwa na nani?