Somo la Leo: Kizuizi cha Bastola

Leo tutazungumza juu ya bastola ichukuliwayo kiunoni, na jinsi inavyozuiwa isilie bila mwenyewe kutaka.

Mfikirie mlinzi mwenye leseni, atokaye Mpanda kwenda Sitalike kwa baiskeli. Njiani baiskeli inaingia shimoni, yeye anaanguka, na bastola inajigonga chini. Je, italia? Jibu limo katika vyuma vidogo.

Kwanza tujue risasi hutokaje. Katika bastola nyingi, kifyatulio kikivutwa, nyundo huachiwa. Nyundo hupiga pini. Pini hugonga kitako cha risasi, na baruti huwaka. Kazi ya kizuizi ni kuikata safari hiyo.

Wenye gobole wanakijua kizuizi cha zamani: nyundo husimamishwa nusu ya njia. Bastola ya Kirusi iitwayo Tokarev, ya mwaka 1933, ilitengenezwa na kizuizi hicho tu. Ubaya wake ni kwamba jino lile likilika, nyundo huweza kuponyoka.

Colt ya Marekani ya mwaka 1911 ina vizuizi zaidi. Kimoja husukumwa kwa kidole gumba. Kingine kiko nyuma ya mpini, wala hakiachii mpaka kiganja kiushike mpini sawasawa.

Glock ya Austria, iliyotoka mwaka 1982, haina kile cha kidole gumba. Ndani yake kipande cha chuma huizuia pini mpaka kifyatulio kivutwe. Ikianguka, pini haiifikii risasi.

Lakini sikilizeni vizuri. Kizuizi hakitambui kidole cha mtu mzima na cha mtoto. Kifyatulio kikivutwa, hata na upindo wa nguo, bastola ya namna hii hulia. Tena, kutoa magazini hakutoshi, maana risasi moja yaweza kubaki ndani ya chemba. Toa magazini, kisha vuta kifuniko cha juu nyuma, utazame. Mdomo wa bastola usielekee mtu. Nyumbani, ifungie kwa ufunguo.

Na kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, hakuna ruhusa ya kuwa na silaha bila leseni, hata gobole.

Maswali: Kizuizi hukata nini? Kwa nini kutoa magazini hakutoshi? Andikeni majibu daftarini. Kwaherini.