Haki Haivuki Mpaka kwa Njia ya Panya

Mazungumzo na waumini na wanaharakati wa Busia na Malaba



Tumeombwa tuzungumzie haki kwa mujibu wa imani yetu. Pengine mlitarajia tuanze na Katiba. Sisi twapenda kuanza na gorogoro.

Gorogoro lililobonyezwa kitako humpunja mnunuzi mahindi kila linapojazwa. Kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinaagiza mizani na vipimo vya haki. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kupandisha bei, na papo hapo anawataja wale wanaomnunua maskini kwa fedha. Kwake yeye, dhuluma ya sokoni na dhuluma ya wakuu ni matawi ya mti mmoja.

Tena Luka, katika sura ya 3, anasimulia jinsi watoza ushuru na askari walivyomwendea Yohana Mbatizaji wakimwuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Watoza ushuru aliwaagiza wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaagiza wasimdhulumu mtu, na watosheke na mshahara wao. Je, si maneno yanayofaa kubandikwa kwenye kila kizuizi cha barabara kutoka hapa hadi Malaba?

Busia ina ushuhuda wake. Mnamo Agosti 1990 waziri wa Kazi, Peter Okondo, alimwonya Askofu Alexander Muge wa Dayosisi ya Eldoret asikanyage Busia, akisema huenda asitoke hai. Askofu huyo alikuwa mpinzani wa kura ya mlolongo iliyotumika mwaka 1988. Tarehe 14 Agosti alikuja, na watu wakamlaki. Siku hiyo hiyo, akirejea Eldoret, gari lake liligongana na lori huko Kipkaren, akafariki. Waziri alijiuzulu. Desemba 1991 Bunge lilikifuta kifungu cha 2A, kilichokuwa kimeifanya nchi kuwa ya chama kimoja tangu 1982.

Tuzingatie jambo moja. Askofu Muge hakuwa na jeshi wala kura Bungeni. Uamuzi uliokuwa mikononi mwake ulikuwa wa kwenda safari au kubaki nyumbani. Sheria hubadilishwa Bungeni, lakini ujasiri wa kuidai huanzia katika maamuzi ya namna hiyo.

Twajua mtakalotujibu. Mama mwenye matenga ya nyanya atasema: “Nisipotoa kitu kidogo, mali yangu itaoza, na watoto watalala njaa.” Hoja hiyo ni nzito, na mhubiri anayeipuuza hajawahi kushinda juani mpakani. Sisi wanasheria twaweza kumwambia kwamba Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 inamtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji. Twaweza pia kumwambia kwamba bidhaa zilizozalishwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha asili papo hapo mpakani, zikavuka bila ushuru wa forodha. Wengi hupitia njia za panya kwa kutojua hayo.

Hata hivyo, kujua sheria hakutoshi kwa mtu aliye peke yake. Kumwambia maskini asihonge, kisha kumwachia hasara yote, ni kumtwika mzigo tusiougusa kwa kidole. Ikiwa kanisa lamtaka awe mwaminifu, basi kanisa limsindikize: wawili au watatu waende naye dirishani, wadai stakabadhi, waandike tarehe na saa; na mali ikiharibika kwa ajili ya uaminifu wake, jumuiya ichange.

Vivyo hivyo katika kura. Mgombea anapogawa sukari na noti usiku, ananunua ukimya wa miaka mitano. Aliyekwisha kulipwa atadai nini zahanati ikikosa dawa? Kijana aliyeikataa noti asiachwe na aibu ya kuchekwa na wenzake, tusimame naye.

Twawaombeni, kabla ya Jumapili ijayo, kila kikundi kiwachague watu wawili wa kuwasindikiza wafanyabiashara wadogo mpakani. Demokrasia tuliyoipigania kwa mikutano na maombi italindwa na mikono hiyo.

Mungu awabariki.