Dada Yako Naye Ni Mrithi

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Hesabu 27:1-11 na Ayubu 42:12-15

Huenda wengine mmemaliza kukamua ng'ombe sasa hivi na chai iko mezani. Kaeni kidogo, tulitafakari Neno la Mungu pamoja.

Leo nataka kusema na wanaume. Akina mama, sikilizeni pia, lakini neno la leo ni letu sisi akina baba na ndugu wa kiume. Nami nitaanza kwa kuungama, kwa maana si vema mhubiri kuwaonyesha wengine kibanzi akaificha boriti yake.

Baba yetu alifariki akiwa mzee, akaacha shamba la ekari 12 upande wa Molo. Tulikuwa wana watatu na binti mmoja. Dada yetu alikuwa ameolewa, ndoa ikavunjika, akarudi nyumbani na watoto wawili. Yeye ndiye aliyemwuguza baba miaka minne. Ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko. Sisi wana tulifika Jumamosi moja moja na kilo mbili za sukari, tukasifiwa.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo waliketi nyuma ya ghala la viazi. Shamba likagawanywa mafungu matatu, ekari nne nne. Dada alikuwa akitumiminia chai. Alipofika kwangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je?" Mzee mmoja akacheka, akasema, "Wewe shamba lako liko kwa mume." Kila mtu pale alijua kwamba mume hayuko. Dada akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndimi mhubiri wa nyumba ile. Nami nikatazama kikombe changu.

Ndugu zangu, mwezi ule ule nilikuwa nimehubiri kutoka Wagalatia 3:28, ya kwamba katika Kristo hakuna mtu mume wala mtu mke. Nilihubiri vizuri. Watu walinishika mkono mlangoni.

Miaka miwili ikapita. Siku moja nilikuwa nikifundisha vijana wa kipaimara habari za binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani bila mwana wa kiume. Binti hao hawakunung'unika jikoni. Walikwenda mpaka mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakadai urithi. Naye Bwana akamwambia Musa kwamba wamesema haki, wapewe. Nilipomaliza, msichana mmoja aliinua mkono, akauliza, "Mchungaji, na dada yako alipewa?"

Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua tu. Nilifunga kitabu nikasema muda umekwisha.

Sasa mtazameni Musa. Huyu ni mwanamume aliyesimama mbele ya Farao. Binti watano walipomjia na neno ambalo hakuwa na jibu lake, hakuwacheka. Hakusema, "Nendeni mkaolewe." Alilipeleka neno lao mbele za Bwana. Alikubali kwamba hajui, akauliza, akafundishwa, akatenda. Huo ndio uanaume wa Biblia.

Lakini uanaume tuliofundishwa sisi ni mwingine. Tangu utoto tuliambiwa kwamba mwanamume halii, mwanamume haombi radhi, mwanamume hagawani boma na mwanamke. Vitabu vya kusomea vilituonyesha baba ameketi kitini na mama ana mzigo wa kuni mgongoni. Nyimbo na michezo ya redio ikatuchekesha juu ya mwanamke mwenye tamaa ya mali, lakini ni mara chache tulisikia mchezo juu ya ndugu mwenye tamaa. Tukasikia hivyo mpaka tukadhani ni amri ya Mungu.

Utaniambia, "Mchungaji, binti za Selofehadi hawakuwa na ndugu wa kiume. Dada yangu anaye mimi." Umesoma vizuri. Basi fungua Ayubu, mlango wa 42. Ayubu alikuwa na wana saba na binti watatu, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, na Maandiko yanasema aliwapa binti hao urithi kati ya ndugu zao. Ayubu alikuwa amepoteza vyote na kurudishiwa na Mungu. Mtu aliyejua kwamba mali yote ni neema hakuona vigumu kumpa binti.

Na sisi wa Bonde la Ufa tumesahau upesi tulivyoyapata mashamba haya. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, jamaa nyingi zilipata ardhi ya walowezi kwa mipango ya serikali ya makazi, au kwa kuchanga hisa katika vyama na kampuni za kununua mashamba. Je, fedha za kulipa zilitoka wapi? Nyingine zilitoka katika pareto iliyochumwa na mikono ya mama, na mahindi aliyopalilia, na maziwa aliyobeba alfajiri penye baridi. Lakini mara nyingi hati ilipotoka, jina lililoandikwa ni la baba peke yake. Kisha baba alipofariki, jina likahamia kwa wana.

Hata sheria ya nchi imetutangulia sisi watu wa kanisa. Sheria ya Urithi ilitungwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, nayo husema watoto wagawane sawa. Haikusema wana tu. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa huko Eldoret iliamua kesi ya familia moja ya Bonde la Ufa. Mahakama Kuu ilikuwa imewapa wana ekari 30 kila mmoja, na binti ekari 5 kila mmoja, kwa kuwa binti huenda wakaolewa. Mahakama ya Rufaa ikautengua mgawo huo. Katiba ya mwaka 2010 nayo yakataza ubaguzi wa wanawake katika mambo ya ardhi. Tena, mtu akificha jina la dada yake anapoomba kibali cha kusimamia mali ya marehemu, mahakama yaweza kukifuta kibali hicho.

Lakini sikuja kuwatisha kwa mahakama. Ni aibu Mkristo angoje kushtakiwa ndipo atende haki.

Basi nilikwenda Molo, nikaketi na ndugu zangu. Mmoja alikubali siku ile ile. Mwingine alisema nimeleta mambo ya mjini. Tulirudi mara tano. Mwishowe kila mmoja wetu alitoa ekari moja, dada akapata tatu, na sisi tukabaki na tatu tatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu angaliiweza. Ugumu ulikuwa moyoni. Ndugu yule hadi leo hunisalimu kwa baridi, nami namwombea.

Nilipomwomba dada msamaha, hakulia wala hakunisifu. Aliuliza tu, "Mbona ulichelewa?" Swali hilo ninalo bado.

Ndugu msikilizaji, wewe usichelewe. Kama wewe ni baba, sema neno lako ungali hai, mbele ya watoto wote, uliandike. Kama wewe ni ndugu, na barua ya chifu inaandikwa, hakikisha jina la dada yako limo. Kama wewe ni mzee wa kanisa na umealikwa penye mgawo, usitazame kikombe. Mtume Petro atuambia kwamba mwanamke ni mrithi pamoja nasi wa neema ya uzima. Tukikubali kwamba ataurithi ufalme wa mbinguni, twawezaje kumnyima ekari tatu za viazi?

Tuombe. Ee Baba yetu, wewe hukutugawia upendo wako kwa mafungu. Utusamehe sisi wanaume tulionyamaza. Utupe moyo wa Musa wa kusikiliza, na mkono wa Ayubu wa kutoa. Uwakumbuke dada zetu walioondoka nyumbani mikono mitupu. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.