MPANGAJI NAYE ANA HAKI

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo



Ndugu wapendwa, tunapoitaja haki, aghalabu twafikiria mahakama, kura na mishahara. Leo nawaalika tukitafakari chumba cha kupanga. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliyaweka makazi pamoja na chakula na mavazi katika mambo yampasayo kila mtu ili aishi maisha ya kibinadamu. Basi makazi si hisani ya mwenye nguvu kwa mnyonge.

Taifa letu liliutambua wajibu huo mapema. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilianza kwa kubomoa vibanda duni vya Dar es Salaam na kujenga nyumba bora mahali pake. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyomkinga mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi na kufukuzwa kiholela. Katika enzi ya soko huria, mwaka 2005, sheria hiyo ilifutwa.

Je, wapangaji wenyewe wasemaje? Tukiwasikiliza katika jumuiya zetu, mambo matatu hujirudia.

Kwanza, kodi ya mkupuo. Mama auzaye vitumbua hupata riziki yake kwa siku, lakini hudaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, na dalali naye hutaka ya mwezi mmoja juu yake. Mama huyo hukopa, na mkopo huo hula karo za watoto.

Pili, kukosa mkataba wa maandishi. Neno la mdomo huwa jepesi siku mwenye nyumba anapopata mpangaji mwenye fedha zaidi.

Tatu, nyumba ziitwazo za gharama nafuu. Wapangaji huuliza: nafuu kwa nani? Benki humtaka mwombaji athibitishe mshahara, na wengi wetu hatuna mwajiri.

Tuutazame mfano wa Magomeni Kota. Mwaka 2011 kaya 644 ziliondolewa katika nyumba za umma ili eneo lijengwe upya. Miaka ilipita, kiwanja kikabaki kitupu. Wapangaji hawakutawanyika: walishikamana, wakaidai ahadi yao. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwaahidi kurejeshwa na kukaa miaka mitano bila kodi. Tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya, na wakaazi wale wakapewa nafasi ya kwanza.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Serikali ikitaka, yaweza kumjengea mnyonge bila kumfukuza mjini, hilo tulishukuru. Lakini subira ya miaka zaidi ya kumi ni mzigo mzito kwa mzee na mjane, na wapo waliofariki kabla ya kushika ufunguo. Ahadi isiyo na tarehe wala maandishi haimlindi maskini. Tena, miaka mitano ya msamaha ina mwisho. Masharti ya baadaye yasipolingana na kipato cha wakaazi, nyumba hizo zitahamia polepole mikononi mwa wenye uwezo, na umaskini utakuwa umehamishwa tu.

Nabii Isaya aliwaonya wale waunganishao nyumba na nyumba hata wengine wakakosa nafasi. Onyo hilo latuhusu sisi pia, kwa maana miongoni mwa waamini wamo wenye nyumba. Mkristo apangishaye na aandike mkataba, apokee kodi kwa mwezi au miezi mitatu, na atoe taarifa mapema.

Kila jumuiya na iorodheshe shida za wapangaji wake, izipeleke katika Kamati ya Haki na Amani ya parokia, na kutoka huko zifike kwa diwani na mbunge. Tuombe sheria mpya imlindayo mpangaji bila kumwonea mwenye nyumba. Wa Magomeni walisikilizwa kwa sababu walisema pamoja.